Miiko Iliyonyooka Mno

Siku mashine ilipomwita Rula mwongo, mimi nilikuwa kwenye kikombe cha pili, na kikombe cha pili ndicho chenye habari. Cha kwanza ni cha kufungua macho tu.

Kijiwe chetu ni benchi refu la darasani lililofukuzwa shule kwa kuvunjika mguu. Mguu mpya alichonga Rula, ndiyo maana huo peke yake hauyumbi. Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi. Ng'ambo ya kichochoro, hatua nne tu, ni mlango wa karakana ya Rula. Kando ya benchi, chini ya mwavuli uliosahau rangi yake, anakaa Dada Birika na jiko lake, akimimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Tulimsema miaka mingi kwa mkono huo, hatimaye tukachoka. Nimetembea sana, nimelala kwenye stesheni na kwenye maghala ya watu, lakini sijaona mahali ambapo watu wanajua mambo mengi hivyo kwa kukaa kitako.

Rula wanamwita hivyo kwa sababu hana rula. Anachonga miiko ya kupikia kwa jicho tu, mwaka wa hamsini huu, na hakuna mwiko wake unaopishana na mwenzake. Mpe mbao na tezo asubuhi, jioni atakupangia miiko sita mezani na hutajua yupi kaka, yupi mdogo. Magoti yalipomgomea kubeba mzigo mpaka sokoni, Bi Zamani alimfungulia duka kwenye lile soko la kwenye simu, linalouza vitu vya mikono na vitu vya kale. Bi Zamani mwenyewe anauza humo humo: pasi za mkaa, redio za mbao, vikombe vya bati. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Kila Ijumaa asubuhi anakuja na simu, anavaa miwani, anamsomea Rula maneno ya wanunuzi. Rula miwani yake aliikalia mwaka juzi na hajanunua nyingine. Anasema anapenda kusikia kuliko kusoma.

"Soma, dada," alisema Rula Ijumaa hiyo, akiwa amejifuta vumbi la mbao kana kwamba anapokea wageni. "Anza na yule wa mama yake."

Huyo ni mnunuzi mmoja aliyeandika zamani kwamba mwiko wa Rula ndio uliompikia mama yake uji hadi siku yake ya mwisho. Kila Ijumaa lazima asomwe kwanza. Tumeshamhifadhi kwa moyo.

Bi Zamani hakuanza na yule wa mama. Aliitazama simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kuna barua hapa."

"Ya nani?"

"Ya soko. Imekuja tangu Jumamosi. 'Mpendwa muuzaji...'"

"Tayari pabaya," alidakia Profesa kutoka mlangoni kwake. "Mtu asiyetaka kukuumiza hakuiti mpendwa."

Profesa ndiye kinyozi. Cheo hicho tulimpa sisi, kwa kujua kila kitu isipokuwa kunyoa. Ameoa dada yake Rula, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtania Rula tangu jua linapotoka, na anaitumia yote. Asubuhi hiyo alikuwa na mteja kitini, karani mmoja mwenye shingo nene anayekwenda kupiga picha ya kitambulisho. Profesa, ili asipitwe na mazungumzo, alikuwa amekigeuza kiti kikaelekea mlangoni, kioo kikabaki nyuma ya mgongo wa mteja.

"'Mpendwa muuzaji,'" alirudia Bi Zamani. "'Tumeboresha soko letu.'"

Wote tulishika mifuko yetu.

"'Ili kuwalinda wanunuzi na bidhaa za viwandani, sasa tuna mashine inayokagua picha zote. Mashine imebaini kuwa bidhaa zako zinafanana mno na zimenyooka mno. Bidhaa kama hizi huwa za kiwandani. Tafadhali thibitisha kwa picha za kazi mpya ikiwa mikononi mwako kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Vinginevyo duka lako litafungwa na kumbukumbu zake zote zitafutwa.'"

"Ijumaa ipi?" aliuliza Rula.

"Leo."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na robo."

Rula alikunja kitambaa chake cha vumbi mara mbili, akakikunjua.

"Kumbukumbu zote maana yake nini?"

"Maneno ya watu," alisema Bi Zamani polepole. "Yote."

"Na yule wa mama yake?"

"Na yeye."

Hapo ndipo Dada Birika aliacha kupepea jiko.

"Ngoja nielewe," alisema Profesa, ameshika mashine ya kunyolea hewani, nayo inaunguruma bila kazi. "Shemeji ameshtakiwa kwa kuijua kazi?"

"Kwa kuijua kupita kiasi."

"Basi mimi niko salama."

"Wewe, mdogo wangu, ungepewa medali," alisema Bi Zamani. "Usifikiri ni yeye tu. Mimi wananitaka nithibitishe kuwa pasi zangu ni za kale. Eti nilete risiti ya siku iliponunuliwa. Nikawapelekea picha: mama yangu ameishika pasi, mimi niko mgongoni kwake nanyonya kidole. Wakajibu picha haina tarehe. Nikawaandikia, nitazameni uso wangu wa leo, halafu pigeni hesabu wenyewe."

"Wakasemaje?"

"Wanachunguza."

"Uso?"

"Nyamaza unyoe."

Rula alikuwa ameshaingia karakana. Alitoka na ubao mbichi na tezo, akaketi kizingitini.

"Wanataka picha ya mikono? Mikono ninayo. Mzee Begi, wewe shika simu."

Mzee Begi ni mimi. Begi langu lina historia yake, lakini leo si siku yake. Nilishika simu, Rula akapiga tezo, vipande vikaruka, na mimi nikapiga picha saba. Katika picha tatu kidole changu ndicho kilichotokea. Tukachagua nne zilizobaki, Bi Zamani akazituma. Hata kahawa haikupoa, jibu likaingia.

"'Picha zimekataliwa,'" alisoma. "'Mkono wa kushoto una vidole vinne. Tunashuku picha hizi zimechorwa na kompyuta.'"

Rula aliutazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kililiwa na msumeno mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Anakitaja mara moja moja, kama mtu anayemtaja jirani aliyehama.

"Waambie kilikatika."

"Hakuna pa kuwaambia, kaka. Kuna kitufe cha 'Nimeelewa' tu."

"Sijaelewa."

"Hicho hakipo."

"Haki ya Mungu!" Profesa alipiga paja, si lake, la Karani. "Mtu ameliwa kidole na kazi, kazi inasema hamjui! Shemeji, nenda ukadai kidole chako huko kiwandani wanakosema unatoka!"

Tulicheka, na Rula naye akacheka kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na niliona anavyoufunika mkono ule kwa ule mwingine. Miaka yote nimemjua, hakuwahi kuuficha.

"Sikilizeni," alisema Profesa, na akatoka kabisa nje. Nyuma yake Karani alichungulia, taulo shingoni. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekwisha nyolewa, upande wa kushoto ulikuwa bado kichaka. "Dawa ni ndogo. Mashine inataka makosa. Ipe makosa. Shemeji, chonga mwiko mbovu."

"Mbovu?"

"Mbovu. Uliopinda. Kichwa huku, mpini kule."

"Sijui kuchonga hivyo."

"Huwezi kushindwa kutojua!"

"Hebu jaribu, kaka," alisema Bi Zamani kwa upole. "Ni mmoja tu. Duka likipona unautia jikoni unaota moto."

Rula alichukua ubao. Alikunja uso, akaupiga tezo vibaya kwa makusudi, upande mmoja ukaingia ndani. Tukashangilia. Pigo la pili likasawazisha la kwanza. Pigo la tatu likayasuluhisha yote mawili. Baada ya dakika ishirini alishika mkononi mwiko mzuri kama harusi, mwembamba kuliko mingine, basi.

"Umefanya nini?"

"Mkono umekataa."

"Fumba macho," nilisema mimi.

Akafumba. Ukatoka mzuri vilevile, na safari hii mpaka ncha aliikata mshazari, ule mkato wa kukwangulia chini ya sufuria ambao ni kama sahihi yake.

"Umelaaniwa," alisema Profesa.

"Mwambie mtu mzima atembee kana kwamba hajui kutembea," alisema Rula, "uone kama hataonekana ni mlevi tu anayejua kutembea. Baba yangu alinipiga kwa kila mwiko niliopinda. Alinipiga nao huo huo, ili niuone vizuri."

"Kumbe alikuwa anakuharibia soko."

"Saa nne na nusu," alitangaza Bi Zamani.

"Kinyozi!" aliita Karani kutoka ndani. "Huku vipi?"

"Nakuja, nakuja! Nywele hazina haraka, zimekaa hapo miaka yote." Profesa alinyoosha mkono. "Leta hiyo tezo, shemeji. Mimi kukosea sihitaji kufundishwa."

"Hilo lina mashahidi," alisema Bi Zamani. "Nusu ya wanaume wa mtaa huu wanavaa kofia, na jua hakuna."

Rula aliishikilia tezo. Hapo utani ulisimama kidogo.

"Huo hautakuwa mwiko wangu."

"Utakuwa wa familia."

"Nitauweka dukani kwangu na jina langu? Mtu anunue akidhani ni mimi?"

"Kaka," alisema Bi Zamani, "duka likifungwa saa sita, hakuna jina la kuwekea kitu."

Rula alifikiri. Dada Birika alimjazia kikombe bila kuulizwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea tukiwa na msiba.

"Basi muandike kweli," alisema mwishowe. "Andika: umechongwa na shemeji yangu, ni kinyozi, na umepinda. Anayeutaka autake akijua."

"Nani atanunua kitu kilichoandikwa hivyo?"

"Hakuna. Ndiyo raha yake."

Basi Profesa akaketi mwisho wa benchi, Rula akaketi kizingitini kwake, ameushika mwiko mmoja mzuri juu kama mwalimu anayeonyesha ramani. Hatua nne kati yao. Profesa akikodoa macho kwenye mwiko wa Rula, akikata wake, akikodoa tena.

"Shika chini ya kichwa, si pale!"

"Niache. Nina mtindo wangu."

"Vidole vyako unavihitaji?"

"Nikivipunguza si nitaambiwa mimi ni kompyuta?"

"Punguza upande huo. Upande huo! Upande mwingine wa huo!"

Mimi nikipiga picha. Mikono ya Profesa ilionekana yote, vidole kumi, kimoja na plasta. Ilipofika saa tano na dakika arobaini, mwiko ulizaliwa. Mpini ulitoka kichwani kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Tumboni ulikuwa na nundu. Ncha ilikuwa imekatwa mshazari kama ya Rula, lakini kwa hasira.

Rula aliupokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea mtoto mgonjwa wa mtu.

"Huu ni mwiko," aliuliza, "au ni ugomvi?"

"Tuma!" alisema Profesa.

Bi Zamani aliandika yote kama alivyoagizwa, shemeji, kinyozi, umepinda, akatuma. Tukasubiri. Hata Karani alikuwa mlangoni, taulo limeteleza mpaka tumboni. Zilibaki dakika tisa. Simu ikalia.

Bi Zamani alisoma kimoyomoyo kwanza. Midomo ikaanza kumcheza.

"Sema!"

"'Hongera,'" alisoma. "'Mashine yetu imetambua kazi halisi ya mikono, ya fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Duka lako limethibitishwa. Mwiko huu tumeuweka ukurasa wa mbele.'"

Profesa alisimama. Alijipangusa mabega taratibu, bega la kulia, bega la kushoto.

"Fundi mwenye uzoefu," alisema. "Wa miaka mingi. Mimi sijasema, mashine imesema. Dada Birika, nimiminie kahawa ya fundi."

"Ya fundi ni bei ile ile," alisema Dada Birika.

Tulicheka mpaka benchi likayumba kwenye ile miguu mitatu ya zamani. Rula alishukuru, akampa Profesa mkono, duka limepona, maneno ya watu yamepona. Kisha akaingia karakana yake na hakuanza kazi. Nilimwona akiipanga miiko yake ukutani. Ilikuwa imepangwa tayari. Alikuwa anaigusa tu, mmoja mmoja.

"Shemeji amekasirika?" aliuliza Profesa, chinichini.

"Mtu amekwenda shule miaka hamsini," nilimwambia, "cheti umepewa wewe."

Profesa aliacha kujipangusa mabega.

Nadhani tungetawanyika hapo. Profesa alikuwa amekwisha kuchukua mashine yake ya kunyolea, Karani anajirudisha kitini kinyumenyume, macho bado kwenye simu. Lakini simu ililia tena, na Bi Zamani akapiga ukelele uliomtoa Rula nje.

"Umenunuliwa!"

"Nini?"

"Ugomvi! Ugomvi umenunuliwa! Sikilizeni anachosema: 'Nimetafuta mwiko kama huu tangu nilipoolewa. Ncha imekatwa kwa ajili ya mkono wa kushoto! Hatimaye kuna fundi aliyetukumbuka. Naomba mingine mitano kama huu, mmoja wangu wa akiba na minne ya dada zangu. Sisi sote nyumbani tunatumia mkono wa kushoto.'"

Tukatazamana. Profesa akautazama mwiko wake kama mtu aliyesikia mtoto wake anazungumza lugha ngeni.

"Kushoto?" alisema Rula. "Hebu."

Akauchukua. Akauweka kando ya mwiko wake mwenyewe. Mshazari wa Rula ulilala huku, wa Profesa ulilala kule. Miiko miwili ilikuwa imegeuziana uso kama mtu na kivuli chake majini.

"Umeukata kinyume."

"Nimeukata ulivyokuwa!" alipinga Profesa. "Wewe umekaa mbele yangu, nimetazama, nimekata. Mimi kazi yangu yote natazama kwenye kioo. Mkono wangu umezoea: upande ninaouona huku, ni kule. Sasa hapo nimekosea nini?"

"Hukukosea," alisema Dada Birika.

Alikuwa amesimama. Dada Birika hasimami mara nyingi. Alimpokonya Rula ule mwiko kwa mkono wa kushoto, akafungua sufuria yake ya uji wa asubuhi, akakoroga, akakwangua chini mara mbili. Ncha ililala kwenye sufuria kama imezaliwa humo. Tulisikia sauti yake, krrr, safi.

"Mimi nina miiko yako miwili, kaka," alimwambia Rula. "Naitumia kwa kuigeuza mgongo. Chini panaungua kila siku."

"Miaka yote hiyo?"

"Tangu ulipoanza."

"Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Hapa benchini mlikuwa mnausema mkono wangu. Ningeuombea mwiko saa ngapi?"

Mimi nilipata kazi ya ghafla ya kufunga begi langu. Profesa alikohoa. Rula alibaki amesimama na mkono wake wa vidole vinne umening'inia wazi, amesahau kuuficha.

"Hamsini," alisema. "Miaka hamsini nimenyooka, na nimenyookea upande mmoja."

Bi Zamani ndiye aliyetuokoa. "Haya, mnunuzi anasubiri. Mitano. Profesa, kaa uchonge."

Profesa, tumpe sifa yake, alikaa. Alichonga wa pili. Ukapinda, lakini ulipindia kwingine kabisa, na ncha ikawa butu kama kidole gumba. Alianza wa tatu, ukapasuka.

"Sasa?"

"Siwezi kurudia," alikiri, jasho linamtoka. "Kosa langu huwa linakuja lenyewe. Silijui linapokaa."

"Uliambiwa una uzoefu wa miaka mingi," alisema Bi Zamani.

"Hiyo mashine haijui kitu."

Rula aliingia kwa kinyozi bila kubisha, akampita Karani kitini, akaanza kufungua kitu ukutani. Akatoka amekumbatia kioo cha kinyozi, kile kikubwa chenye ufa pembeni.

"Shemeji, hicho ndicho kioo changu!"

"Naazima."

Alikiegemeza kwenye mguu wa benchi, ule alioutengeneza yeye. Akakaa chini mbele yake, akaweka mwiko wake mzuri mbele ya kioo, akawa anautazama ule uliomo ndani. Akachukua ubao. Pigo la kwanza la tezo lilikuwa la woga. Sikuwahi kumsikia Rula akipiga tezo kwa woga. La pili lilitulia. Kufikia la kumi, ile sauti ya kawaida ilikuwa imerudi.

Wa kwanza ulipotoka, alimpa Dada Birika. Akaujaribu. Krrr.

"Mpini umenyooka," alisema Dada Birika, na alikuwa anatabasamu na sufuria, si na sisi. "Huu hauchungulii kwa jirani."

"Aliomba kama ule uliopinda," alisema Profesa.

"Aliomba wa mkono wa kushoto," alisema Rula. "Kupinda kulikuwa nyongeza yako. Dada, mwandikie mnunuzi atapata mitano iliyonyooka, na ule wa shemeji nitampa bure, akipenda."

"Bure!" alilalamika Profesa. "Ukurasa wa mbele, bure!"

"Kaka, ngoja kwanza," Bi Zamani alisema, na sauti yake ikashuka. "Ukichonga mitano hivi, itafanana. Nikiiweka dukani, mashine itasema tena ni ya kiwandani. Tutarudi pale pale. Na mikono yako haiamini."

Tezo ilisimama. Hilo lilikuwa kweli na wote tulilijua. Duka limepona leo kwa ugomvi mmoja wa Profesa, na Profesa mwenyewe hawezi kuurudia mara ya pili.

"Itafanana," alisema Rula. "Sitasahau kazi ili nionekane fundi. Wakifunga, wafunge. Niandikie tu maneno ya watu kwenye daftari kabla hawajayafuta. Na yule wa mama yake awe wa kwanza."

"Nitakuandikia," alisema Bi Zamani.

Ndipo Karani alipotoka.

Tulikuwa tumemsahau, ndugu zangu. Alitoka kudai kunyolewa, amelishika taulo kama hati ya mashtaka, akafika mbele ya benchi, akainama kumwona Profesa amejificha wapi. Macho yake yakakutana na kioo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kujiona. Kulia, uwanja mtupu. Kushoto, msitu. Katikati, mpaka uliochorwa na mtu aliyekuwa anasikiliza habari za miiko, umepanda, umeshuka, umezunguka sikio ukarudi.

Hakupiga kelele. Alijigeuza upande, akajigeuza upande wa pili. Alikishika kichwa kama Rula alivyoushika ule mwiko. Kisha akavuta kigoda cha Dada Birika, akakaa mbele ya Bi Zamani, akanyoosha shingo.

"Mama," alisema, "piga picha. Weka kichwa hiki kwenye hilo duka, hapo penye miiko. Ikitokea mashine itakayosema kazi za kichochoro hiki zinatoka kiwandani, mimi nitalipa faini."

Bi Zamani alipiga. Alipiga mbele, akapiga nyuma, akapiga upande wa mpaka, na mkono wa Profesa ukionekana nyuma na plasta yake. Akazituma pamoja na picha ya mwiko mpya wa Rula, pale ambapo, tangu duka lithibitishwe, panasema 'ushahidi wa nyongeza'. Tulingoja, hakuna aliyekunywa.

Simu ikalia.

"'Asante,'" alisoma. "'Imethibitishwa. Kazi halisi ya mikono.'"

Kelele zilizopigwa hapo zilimtoa mtu dirishani ghorofa ya pili. Profesa alirudisha kioo ndani mbio mbio, akamvuta Karani kitini na kuapa kwamba safari hii atanyamaza. Bi Zamani alikunja miwani, akasema na yeye atautuma uso wake kama 'ushahidi wa nyongeza' wa pasi zake. Mimi nilichukua begi langu. Dada Birika alifuta ule mwiko mpya, akauchomeka kiunoni mwa kanga yake, upande wa kushoto.

Rula alikuwa wa mwisho kuondoka benchini. Alivua kofia yake, akaenda hadi mlango wa kinyozi, akamwekea Karani mapajani.

"Chukua tu," alimwambia. "Hata akimaliza, utaihitaji."